Kasisi Aliyetoka Wodini

Mwezi Oktoba 1920, nyumbani kwa mama yake jirani na Boston, Anton Boisen aliketi kuandika ungamo lake la imani. Mwisho wa mwezi huo angetimiza miaka 44, na hadi hapo hakuna kazi iliyokuwa imetulia mikononi mwake. Alikuwa amefundisha lugha, kisha akasomea misitu Yale na kuhitimu mwaka 1905, kisha akaacha miti na kwenda kusoma theolojia katika chuo cha Union, New York. Alichunga makanisa madogo ya mashambani, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa Ufaransa akiwahudumia askari chini ya YMCA. Sasa alitaka kurudi kwenye uchungaji wa Kipresbiteri, na kanisa lilimtaka aeleze kwa maandishi anachokiamini.

Katikati ya kuandika, yalianza kumjia mawazo ambayo hakuyaita. Dunia inaelekea maangamizi. Walio dhaifu wajitoe ili walio imara waishi. Yeye mwenyewe amepewa sehemu katika jambo kubwa ambalo hakuna wa kumweleza. Alikuwa hajalala vya kutosha kwa siku kadhaa. Ndugu zake waliogopa, na mwezi huohuo akafikishwa katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Boston akiwa amepagawa kabisa. Baadaye akahamishiwa Westboro, hospitali ya serikali ya jimbo la Massachusetts. Madaktari waliupa ugonjwa wake jina la namna ya skizofrenia, na familia ikaambiwa isitegemee kwamba atapona.

Akapata nafuu. Kisha akaanguka tena, akiwa bado wodini. Alipopata nafuu mara ya pili alianza kufanya kitu ambacho wagonjwa wachache sana wa zama zile walipata nafasi ya kukifanya: alianza kuwatazama wenzake kwa makini, akiuliza nini kiliwaleta pale. Rafiki yake wa siku za Union, Fred Eastman, alimtumia kitabu cha mihadhara ya Freud, naye akakisoma kitandani kama mtu anayesoma barua iliyomhusu yeye. Akaona kwamba yale yaliyompitia kichwani hayakuwa takataka. Yalikuwa na mpangilio. Yaligusa aibu zake za ujanani, na mapenzi yake ya miaka mingi kwa Alice Batchelder, mwanamke aliyekutana naye mwaka 1902 na ambaye hakukubali kuolewa naye. Yaligusa pia hofu yake mbele ya Mungu. Mtu alikuwa akipigana vita ndani yake, na vita vile vilikuwa na maana hata pale viliposhindwa.

Jumapili walikuja wachungaji kuwahubiria wagonjwa. Boisen alisimulia baadaye kwamba mmoja wao alichagua maneno ya Yesu kuhusu jicho linalokukosesha, kwamba uling'oe. Alisema wazi aliogopa kwamba wapo miongoni mwa wenzake ambao wangeweza kulichukua agizo hilo neno kwa neno. Mhubiri hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefunzwa Kigiriki, Kiebrania na historia ya mabaraza ya kanisa, lakini hakuna aliyewahi kumfundisha kumsikiliza mtu aliyelala katika wodi ile. Na madaktari, kwa upande wao, walikuwa hodari katika ubongo na mishipa, lakini mgonjwa alipotaja Mungu, shetani au dhambi waliandika tu kwamba bado anaweweseka. Kati ya hao wawili mgonjwa alibaki peke yake na jambo zito kuliko yote aliyokuwa nayo.

Boisen aliruhusiwa kutoka Januari 1922. Alikuwa na swali moja tu: vita vya ndani ya mtu kama yeye vina maana gani mbele ya dini na tiba? Hakuliacha hadi kufa.

Watu wengine walikuwa wamelizunguka swali hilo kabla yake, na haki yao tuwape. Mwaka 1902 William James, daktari na mwanafalsafa wa Harvard, alichapisha mihadhara yake juu ya aina mbalimbali za uzoefu wa dini, akichukua visa vya watu waliookoka, waliokata tamaa na walioona maono, na kuvisoma kwa heshima ileile ambayo mtaalamu wa mimea huyapa majani na mizizi. Novemba 1906 kanisa la Kiepiskopali la Emmanuel mjini Boston lilifungua mlango kwa watu wenye hofu, unyonge wa mishipa na ulevi. Kasisi Elwood Worcester, aliyekuwa amesoma saikolojia Leipzig kwa Wilhelm Wundt, alishirikiana na mwenzake Samuel McComb na daktari Isador Coriat. Daktari alimpima mtu kwanza, kisha kasisi akakaa naye. Umati ulifurika, magazeti yakaandika, na baada ya miaka michache madaktari wengi wakaanza kulalamika kwamba makasisi wanavuka mpaka.

Tena, mwaka 1909, Freud mwenyewe alipita Massachusetts. Alialikwa na Stanley Hall, rais wa Chuo Kikuu cha Clark katika mji wa Worcester, na Hall huyo, mwanzilishi wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, alikuwa amesoma theolojia Union kama Boisen. Mwaka uleule, ng'ambo ya bahari, mchungaji wa Zürich aitwaye Oskar Pfister alianza kuandikiana na Freud. Walipendana kwa miaka 30. Freud, asiyeamini Mungu, alipoandika mwaka 1927 kwamba dini ni njozi ya matamanio, Pfister alimjibu mwaka uliofuata kwa hoja ndefu, na urafiki haukuvunjika. Huwa nawakumbuka wawili hao kila ninaposikia watu wakisema kwamba imani na saikolojia haziwezi kukaa chumba kimoja. Zilikaa, zikabishana, zikanywa chai.

Lakini hao wote walikuwa wakisimama upande wa kitanda. Boisen alikuwa amelala juu yake.

Baada ya kutoka hospitali alimwendea Worcester wa Emmanuel kwa ushauri. Alijiandikisha masomoni, akamsikiliza Macfie Campbell juu ya magonjwa ya akili, na akawa mwanafunzi wa Richard Cabot, daktari mashuhuri wa Harvard. Huyu Cabot alikuwa na tabia ya kuwafundisha madaktari vijana kwa kisa: karatasi inawekwa mezani, historia ya mgonjwa inasomwa, kila mtu anakisia ugonjwa, halafu mpasuaji wa maiti anaeleza alichokikuta. Hakuna kujificha nyuma ya nadharia. Ndiye aliyeleta pia wafanyakazi wa ustawi wa jamii katika hospitali kuu ya Massachusetts mwaka 1905, kwa sababu alichoka kuwaandikia dawa watu wasio na chakula nyumbani.

Julai 1924 mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, daktari William Bryan, alimwajiri Boisen kuwa kasisi. Fikiri jambo hilo. Mtu aliyefungiwa wodini miaka minne nyuma sasa anapewa funguo za wodi. Hospitali ile, iliyofunguliwa mwaka 1833, ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 2,000.

Majira ya joto ya mwaka 1925 alileta wanafunzi wanne wa theolojia. Hakuwaketisha darasani. Mchana walivaa sare za wahudumu wakaingia wodini: kuwalisha wagonjwa, kuwaogesha, kutembea nao uani, kuwazuia wasijidhuru. Jioni, miguu ikiuma, walikusanyika kujadili visa. Kwa nini huyu anasema amekufa? Yule anayejiita Kristo, ni lini alianza kujiita hivyo, na nini kilitokea wiki ile? Boisen aliwaambia kwamba waliyemwona wodini ni maandishi yaliyo hai, na mchungaji anayejua kuchambua Waraka kwa Warumi anapaswa kumsoma mtu huyo kwa uangalifu uleule, bila kuruka mstari usioeleweka. Hicho ndicho kiini cha kila kitu alichofanya. Hakutaka wachungaji wawe madaktari wadogo. Alitaka theolojia yenyewe ijifunze kutoka kwa mtu aliyevunjika, kwa kuwa maswali ya dhambi, wokovu, hukumu na tumaini yalikuwa pale, yakiwa uchi, bila lugha ya mimbari.

Miongoni mwa wanafunzi hao wanne alikuwamo mwanamke mwembamba mwenye akili ya kutisha, Helen Flanders Dunbar. Alikuwa akichunguza mashairi ya Dante huku akisoma theolojia, na kabla ya muongo kwisha alikuwa na shahada ya uzamivu na alikaribia kuhitimu udaktari Yale. Mwaka 1935 alichapisha kitabu juu ya hisia na mabadiliko ya mwili ambacho madaktari wa maradhi yanayotokana na msongo wa nafsi wanakitaja hadi leo. Mbegu ya kazi ile ilipandwa katika wodi za Worcester.

Boisen alitengeneza hata kitabu cha nyimbo na ibada kwa ajili ya hospitali, kilichotoka mwaka 1926. Ni kazi ndogo ukiitazama haraka, lakini alijua wodi inasikia nini. Wimbo unaomtisha mtu mwenye afya kidogo tu unaweza kumkosesha usingizi mtu anayeamini tayari kwamba moto umewashwa kwa ajili yake.

Hoja yake kubwa aliijenga polepole. Kuna wazimu, alisema, unaommaliza taratibu mtu anayekwepa, anayejificha, anayewalaumu wengine. Na kuna wazimu mwingine unaofanana na homa: mwili unapambana, joto linapanda, hatari ni kubwa, lakini vita vyenyewe ni juhudi ya kupona. Mtu wa namna ya pili anaogopa sana kwa sababu amekubali kujitazama. Boisen aliwachunguza wagonjwa 173 wa skizofrenia akitafuta tofauti hiyo, na akawalinganisha na watu ambao kanisa linawaheshimu: George Fox wa Wakweka, John Bunyan, hata Mtume Paulo njiani Dameski. Hakusema kwamba manabii walikuwa wagonjwa wa akili. Alisema kwamba nabii na mgonjwa hupita bonde moja, na kwamba kinachowatenganisha ni wapi wanatokea, na nani alikuwa pamoja nao walipokuwa gizani.

Nionavyo mimi, hapo alizidisha kidogo. Wapo wagonjwa wengi ambao ugonjwa wao hauna ujumbe wowote. Ni ugonjwa tu, na kuwatafutia ujumbe ni kuwaongezea mzigo. Lakini bila kosa hilo huenda asingeona kile ambacho wenzake wenye tahadhari hawakukiona.

Januari 1930 lilianzishwa baraza la kusimamia mafunzo ya wanafunzi wa theolojia hospitalini, Cabot akiwa kinara wake. Mwaka uleule mama yake Boisen alifariki, na mwezi Novemba Boisen alianguka tena. Hapo ndipo palipotokea jambo ambalo bado linaniuma nikilisoma. Cabot, mwalimu wake, aliyeamini kwamba magonjwa ya akili yana asili katika mwili na si katika vita vya nafsi, aliona tukio hilo ni ushahidi. Akataka Boisen asiwe tena na neno katika mafunzo aliyoyaanzisha. Mwaka 1932 Boisen alihamia Illinois, hospitali ya Elgin. Baraza lenyewe likapasuka: Dunbar akalipeleka New York, na watu wa Cabot wakabaki Boston na njia yao. Mpasuko huo haukuzibwa rasmi hadi mwaka 1967, vikundi vilipoungana kuwa chama kimoja.

Mwaka 1935 Alice alifariki, na mwaka huo Boisen akaanguka tena. Mwaka uliofuata alitoa kitabu chake kikubwa, The Exploration of the Inner World. Mwaka huohuo 1936 Cabot na kasisi kijana Russell Dicks nao walitoa chao, juu ya kuwahudumia wagonjwa. Kitabu cha pili kilileta kitu kidogo kilichobadilisha mafunzo yote: Dicks aliandika, baada ya kutoka kwa mgonjwa, mazungumzo yote kama alivyoweza kuyakumbuka, sentensi ya mgonjwa kisha sentensi yake, na sala aliyoomba. Wenzake wakayasoma. Ghafla mchungaji angeweza kuona kwa macho yake mahali alipomkatiza mtu.

Wakati huohuo saikolojia ya Marekani ilikuwa inazalisha watu waliotoka kanisani. Carl Rogers alisoma Union mwaka 1924 hadi 1926, kisha akavuka barabara kwenda chuo cha ualimu cha Columbia, na kitabu chake cha mwaka 1942 juu ya ushauri kikawa chakula cha wachungaji kwa miaka 20. Wachungaji waliacha kuhubiri katika vyumba vya ushauri, wakajifunza kusikiliza. Hilo lilikuwa jema. Lakini baadhi yao walisahau kwamba wana kitu cha kusema pia, na ofisi zao zikafanana na ofisi yoyote ya mwanasaikolojia, ila zilikuwa na msalaba ukutani.

Kisha ukaja mwaka 1965. Sijui mwaka mwingine katika historia hii unaobeba mengi kiasi hicho. Pasadena, California, chuo cha theolojia cha Fuller kilifungua kitivo cha saikolojia, na mkuu wake wa kwanza akawa Lee Travis. Mwanafunzi alisomea uzamivu wa saikolojia na theolojia chini ya paa moja. Majira ya joto ya mwaka huo, huko Illinois, mchungaji Mpresbiteri Jay Adams alikwenda kukaa na mwanasaikolojia Hobart Mowrer katika hospitali za magonjwa ya akili za Galesburg na Kankakee. Mowrer, aliyekuwa rais wa chama cha wanasaikolojia mwaka 1954, alikuwa ameligeuka kundi lake: alifundisha kwamba wagonjwa wengi wana hatia ya kweli, si hisia za hatia tu, na dawa yake ni kukiri na kurekebisha. Kiswahili kingesema nafsi zao zinawasuta. Adams alitoka huko akiamini kwamba mchungaji mwenye Biblia anatosha, na mwaka 1970 akaandika Competent to Counsel, kitabu kilichowaambia wachungaji waache kupeleka kondoo wao kwa wataalamu. Na tarehe 1 Oktoba mwaka uleule wa 1965, katika jimbo lilelile la Illinois, Boisen alifariki Elgin, hospitalini alikokuwa amehudumu kwa miaka mingi.

Ugomvi kati ya kambi ya Fuller na kambi ya Adams umejaza maktaba, nami sitaufuata wote. Adams alikuwa sahihi kwamba dhambi ni neno ambalo wanasaikolojia wengi walilitupa bila kuangalia wanatupa nini. Alikosea pale alipoona karibu kila giza lisilotokana na ugonjwa wa mwili kuwa ni dhambi ya mwenye giza hilo. Mama aliyefiwa na watoto wawili hahitaji kuulizwa alikosea wapi. Na watu wa Fuller waliokuwa wakichora michoro ya jinsi theolojia na saikolojia zinavyoungana walikuwa na hatari yao: michoro hiyo ilikuwa safi mno. Boisen alianza na mtu, kisha akatafuta maneno. Wengi baada yake walianza na maneno mawili, kisha wakatafuta mtu wa kuyajaribia.

Huku kwetu habari hii ilifika kwa njia tofauti, nayo ilibadilika ilipofika. Mtheolojia wa Kongo, Masamba ma Mpolo, alisoma mbinu za ushauri wa Magharibi na kuzipeleka mbele ya watu wanaolalamika kwamba wamerogwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu ukombozi wa waliorogwa hakuwacheka watu hao, wala hakuwaachia waganga wawamalize. Aliona kwamba tuhuma ya kindoki, yaani uchawi, hubeba ugomvi wa ukoo mzima: urithi, wivu, mtoto aliyekwenda mjini akasahau kwao. Mshauri anayemwita mgonjwa peke yake ofisini hajamwita mgonjwa. Ni lazima amwite na ukoo. Boisen angemwelewa, maana naye alisoma hadithi ambazo wenzake waliziita upuuzi.

Mkenya Gladys Mwiti, mwanzilishi wa shirika la ushauri la Oasis Africa jijini Nairobi, alichukua uzamivu wa saikolojia kutoka Fuller. Mwaka 2006, pamoja na mwalimu wa Fuller, Alvin Dueck, alichapisha kitabu cha ushauri wa Kikristo kwa mtazamo wa Kiafrika. Na hapo Kiswahili chenyewe kilikuwa tayari kinafanya kazi ambayo Kiingereza kilichelewa kuifanya. Sisi tunasema mtu ana moyo mzito, roho imemtoka, nafsi yamsuta, akili zimemruka. Hatuna neno moja linaloyafunika yote, na kwa hiyo mwenye kusikiliza lazima aulize: ni moyo, ni roho, ni nafsi, au ni akili? Swali hilo peke yake ni nusu ya kazi ya ushauri. Neno "ushauri nasaha" lilisambaa hadi vijijini enzi za ukimwi, lilipobandikwa kwenye milango ya vyumba vya upimaji wa hiari, vingi vikiwa katika hospitali za makanisa. Watu waliojifunza kuketi na mtu aliyepewa jibu lake la damu walikuwa mara nyingi wauguzi na wainjilisti kwa pamoja.

Pale Moshi, katika hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya Mlima Kilimanjaro, kuna mafunzo ya uchungaji wa hospitalini ya ukoo uleule ulioanzia Worcester. Wachungaji hutoka sharikani kwao na kuingia wodini. Kisha huketi na kuandika mazungumzo, sentensi ya mgonjwa, sentensi ya mchungaji, na kuyasoma mbele ya wenzao. Kila aliyewahi kuandika ukurasa wa namna hiyo anajua mahali kalamu inapokwama. Mgonjwa alikuwa ameanza kusema jambo kuhusu mwanawe. Mstari unaofuata, kwa mwandiko wa mchungaji mwenyewe, unasema: tuombe.

Wenzake wanamtazama. Hakuna anayesema aliomba vibaya. Mmoja anauliza tu: mwanawe alifanya nini?

Kesho yake asubuhi anarudi wodini kuuliza.